Sumu ya Panya na Kuku wa Jirani



Tangu mahindi yalipoingizwa ndani, kuna ombi moja linalorudi kila juma katika vikundi vyetu vya maombi ya nyumbani. Mama mmoja anaomba tuombee gunia lake la maharagi. Baba mmoja anasema mtoto wake ameng'atwa kidole cha mguu usiku akiwa usingizini. Kijana wa kwaya anasema ngozi ya ngoma ya kanisa imetafunwa. Wote wanalia juu ya panya. Na katika somo la Biblia la Jumatano, kijana mwingine alituuliza mbele ya watu: "Mchungaji, kuua panya ni dhambi? Si naye ameumbwa na Mungu?" Watu walicheka. Sisi pia tulicheka, tukajibu kwamba si dhambi, tukaendelea na somo.

Tulijibu upesi mno. Ndani ya swali lile kulikuwa na swali jingine, na hilo lilikuwa limetukaa moyoni kwa majuma mawili bila mtu kujua. Leo tunataka kulijibu vizuri. Lakini kwanza ni lazima tuwaambie mambo yaliyotokea nyumbani kwetu. Waliokuwepo ibadani Jumapili ile walikwisha kuyasikia. Wengine wameyasikia njiani, na habari ya njiani huongezewa chumvi.

KOSA LETU

Nyumba yetu, kama nyumba zenu nyingi, ni ya miti na udongo. Jiko liko nyuma, na ubavuni mwa jiko kuna kibanda tunamowekea mahindi, majembe na viti vya kanisa vilivyovunjika. Panya walianza humo, wakaja jikoni, mwisho wakaingia chumba cha watoto. Tulinunua dawa sokoni. Pakiti haikuwa na jina la kiwanda wala maelezo yoyote, ni unga wa kijivu ndani ya kipande cha nailoni kilichofungwa fundo. Muuzaji alituambia neno moja tu: "Hii ni kali." Jioni tukaichanganya na bugali na ndagala, tukaiweka pembeni mwa kibanda, tukaomba, tukalala.

Asubuhi tulikuta panya watatu wamekufa, tukamshukuru Mungu. Hatukuona kwamba mlango wa kibanda ulikuwa haukufungwa vizuri, na kwamba sehemu ya chambo ilikuwa imeburutwa hadi nje. Mchana kuku wanne wa jirani yetu, mama mjane, walilala chini ya mgomba, wamekufa. Mmoja wao alikuwa mtetea mwenye vifaranga. Kwa mayai na vifaranga vya kuku hao mama huyu alikuwa akinunulia wajukuu zake madaftari na sare za shule.

Tuseme ukweli ulivyo. Tulijua siku ile ile. Mama watoto alitutazama, nasi tukamtazama, hakuna aliyesema neno. Tulijiambia kwamba hatuna hakika, pengine ni kideri, maana ugonjwa huo hupita mara kwa mara na kumaliza kuku. Tulijiambia tena kwamba mchungaji akisemwa kwa sababu ya kuku, kazi ya Mungu itadharauliwa. Hizo ndizo sababu tulizojipa. Tumeziandika hapa ili mzione zilivyo nyepesi.

Mjane hakuamini kwamba ni ugonjwa. Alitafuta mtu. Ng'ambo ya njia kuna familia ya kabila jingine, waliokuja baada yetu, ambao lugha yao wengi wetu hatuisikii. Mwaka uliopita walikuwa wamegombana na mjane kwa sababu kuku wale wale waliparua mbegu zao. Basi watu wakasema ni wao. Mara ya kwanza ilisemwa kwa kunong'ona pale bombani. Mara ya pili ilisemwa kwa sauti. Kufikia juma la pili, watoto wa familia ile walikuwa wakisubiri wenzao waondoke ndipo wachote maji, na mtu mmoja alikuwa amekwisha kutaja neno uchawi.

Ninyi mliotoka Kivu na Ituri hamhitaji kuelezwa minong'ono ya namna hiyo huishia wapi. Wengi wetu tuko katika makazi haya kwa sababu mahali fulani mtu alijua ukweli akanyamaza, na watu wengine wakabebeshwa kosa lisilo lao. Sisi tumehubiri juu ya jambo hilo mara nyingi. Na tulikuwa tunalifanya.

Jumamosi ya juma la pili tulikwenda kwa mjane. Tulipeleka kuku wawili tuliokuwa nao na pesa kidogo, na ahadi ya kumaliza deni baada ya kuuza mahindi. Alitusikiliza, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Kuku mmelipa. Lakini jina la majirani zangu nililolichafua, mtalilipa kwa nini?" Hatukuwa na jibu. Tukavuka njia pamoja naye.

Baba wa nyumba ile alitupa viti. Alitusikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mmechelewa." Halafu akauliza dawa iliyobaki tumeiweka wapi, kwa sababu ana mtoto aliyeanza kutambaa. Hilo tulikuwa hatujalifikiri hata mara moja. Dawa iliyobaki ilikuwa juu ya ukuta wa jiko, ndani ya kikombe.

Jumapili tulisimama mbele ya kanisa tukasema yote. Hatuwaandikii haya ili mtusifu kwa kutubu. Majuma mawili ni mengi, na familia ile ndiyo iliyoyalipa.

KUUA PANYA NI DHAMBI?

Sasa turudi kwa kijana wetu. Kitabu cha Mwanzo kinatufundisha kwamba kila kitambaacho juu ya nchi kilitoka katika mkono wa Mungu, na Mungu akaona ni chema. Panya hayumo nje ya hesabu hiyo. Anapotafuna gunia lako hakuchukii. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote, hivyo ni lazima atafune ili yasimzidi. Anakula usiku kwa sababu mchana anakuogopa. Hana dhambi anayoitenda.

Tena kuna panya wanaookoa watu. Kule Morogoro, Tanzania, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na hata makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Panya mmoja wa huko, jina lake Magawa, alifanya kazi nchini Kambodia, na akapewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020. Kabla hajafa mwezi Januari 2022 alikuwa amegundua mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100. Panya buku ni mwepesi, hukanyaga juu ya bomu bila kulilipua. Sisi tuliokimbia vita tunaweza kuelewa hiyo ni miguu mingapi ya watoto.

Kwa hiyo panya si shetani, wala kumwua si vita vya kiroho. Lakini chakula cha watoto nacho ni amana tuliyopewa na Mungu. Mnakumbuka mwaka 2023, mgao wa chakula hapa Uganda ulipoanza kutolewa kwa makundi kufuatana na uhitaji, na familia nyingine zikaachwa nje kabisa. Tangu hapo debe la mahindi ya shamba si akiba, ndiyo maisha yenyewe. Panya halitafuni tu, hulichafua pia kwa mkojo na mavi yake, na kwa njia hiyo huleta magonjwa. Ndugu zetu wa Ituri wanaijua tauni, inayobebwa na viroboto wa panya. Baba anayewaacha panya wale chakula cha watoto wake kwa kisingizio cha huruma hajawahurumia watoto.

Tunajibu basi: kuua panya kwa ajili ya kulinda chakula na afya si dhambi. Ila kuna namna ya kuua. Kitabu cha Mithali kinasema kwamba mtu wa haki huujali uhai wa mnyama wake, na moyo unaojali mnyama wa kufugwa hauwezi kugeuka ghafla ukafurahia mateso ya mnyama wa porini. Tumewaona vijana wakimwagia panya mafuta ya taa na kumwasha moto, huku wadogo wao wakishangilia. Huo ni ukatili, na panya anayewaka hukimbilia nyumbani, kwenye nyasi za paa. Gundi inayomnasa panya akalia mpaka asubuhi nayo hatuipendi. Mtego wa chuma unaoua mara moja ni bora. Tunaua kwa sababu imetulazimu, na watoto wanaotutazama wajifunze hivyo.

SHIMO LISILOFUNIKWA

Lakini swali lililotukaa moyoni ni hili: mtu akiweka sumu kwa nia njema, ikamdhuru mwingine, ana hatia gani? Sisi hatukukusudia kuua kuku wa mjane. Tulikusudia kuwalinda watoto wetu. Je, nia njema haitoshi?

Someni Kutoka 21, mstari wa 33 na wa 34. Mtu aliyefunua au kuchimba shimo asilifunike, ng'ombe au punda wa mwenzake akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Torati haimwulizi alikuwa na nia gani alipochimba. Huenda alitafuta maji, na maji ni kitu chema. Inauliza kama alilifunika. Vilevile Kumbukumbu la Torati 22:8 linamwagiza ajengaye nyumba aweke ukuta mdogo kandokando ya paa, ili mtu asianguke na nyumba ikawa na hatia ya damu. Nyumba si dhambi, paa si dhambi. Hatia iko katika hatari ambayo mwenye nyumba aliijua na wageni wake hawakuijua.

Sumu ya panya ni shimo ambalo limepakwa harufu ya chakula. Shimo la kawaida kuku huliona akapita kando. Hili humwita. Humwita paka, humwita na mtoto anayetambaa, kwa maana mtoto naye huweka kila kitu kinywani.

Mtu mmoja katika kikao cha wazee alitujibu kwa nguvu. Alisema: "Mjane naye angefunga kuku wake. Kuku akiingia kiwanja cha mtu, mwenyewe ndiye mwenye kosa." Neno lake lina uzito, kwa sababu ugomvi wa kuku na mbegu ni wa kweli, na mwenye kuku ana wajibu wake. Lakini tazameni, Torati haisemi mwenye ng'ombe angemfunga. Kwa nini? Tunafikiri ni kwa sababu kati ya watu wawili hawa, mmoja tu ndiye aliyejua kuna shimo. Mjane angejua tumeweka sumu, angewafungia kuku wake siku mbili. Hatukumwambia. Mjuzi ndiye mwenye deni, na deni la kwanza ni kusema.

Mtu mwingine aliuliza kwa upole: "Na maskini asiye na cha kulipa?" Sisi wakimbizi wote tuko hapo. Katika 1 Samweli 6, Wafilisti walipotaka kulirudisha sanduku la agano, waliambiwa wasilirudishe mikono mitupu. Walipeleka sadaka ya hatia, na ndani yake mlikuwa na sanamu tano za panya za dhahabu, kwa sababu panya walikuwa wakiiharibu nchi yao. Hao walikuwa watu wasiomjua Bwana, lakini walielewa kwamba aliyekosa haji na maneno peke yake. Sisi hatuna dhahabu. Lakini kuna siku ya kulima katika shamba la uliyemkosea, kuna kifaranga kimoja kwa msimu, na kuna kusimama mbele ya watu ukasema, "Si wao, ni mimi." Hili la mwisho halihitaji pesa hata senti moja, nalo ndilo sisi tulilolichelewesha kuliko yote.

PANYA NI WA NANI?

Wahenga walisema panya wengi hawachimbi shimo. Katika makazi yetu mambo yamegeuka: panya wanachimba vizuri sana, ni sisi watu wengi tusiochimba. Kila mmoja anapambana na panya wa kwake. Lakini panya hana kiwanja chake. Anazaa kwako, anakula kwangu, analala katika kibanda cha kanisa. Panya jike hubeba mimba kwa muda wa majuma matatu tu, akazaa watoto sita, wanane au zaidi, nao baada ya miezi miwili au mitatu wanaanza kuzaa. Ukimaliza wa kwako peke yako, wa jirani watahamia katika nafasi uliyowaachia. Ukiwafukuza kwa moshi, umempelekea jirani mzigo wako gizani. Mtume Paulo, katika Wagalatia 6, anatuagiza kuchukuliana mizigo. Hakutuagiza kuhamishiana.

Kuna neno moja linalotuzuia, nalo tunalisikia kila tunapowaambia watu wazibe ukuta: "Hapa si kwetu." Tunalielewa neno hilo. Nani anapenda kupaka udongo ukuta wa nyumba anayotumaini kuiacha? Wengine walikuwa wamefika hatua za mwisho za kwenda Marekani wakati mpango wa kupokea wakimbizi uliposimamishwa huko mwezi Januari 2025, na mioyo yao bado inauma. Wengine wanangoja amani irudi kijijini kwao. Sisi pia tunangoja.

Lakini Nakivale imepokea wakimbizi kwa zaidi ya miaka 60. Wapo waliozaliwa hapa wakazaa hapa. Nabii Yeremia aliwaandikia mateka wa Babeli, watu waliotamani kurudi Yerusalemu kuliko sisi tunavyotamani kurudi kwetu, akawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, wautafute usalama wa mji waliopelekwa. Hakuwaambia wasahau kurudi. Katika barua ile ile aliwaahidi kurudi. Kuziba tundu la panya hakumaanishi umekata tamaa ya kwenda nyumbani. Mtoto wako ana kidole cha mguu leo, katika nyumba hii. Na asiyeziba ufa atajenga ukuta, hata kama ukuta wenyewe uko ugenini.

MAMBO YA KUFANYA

Baada ya kuzungumza na wazee, akina mama na wahudumu wa afya wa vijiji vyetu, tunawashauri mfuate utaratibu huu. Sumu iwe ya mwisho.

1. Ondoeni chakula. Masufuria yaoshwe jioni, makombo na chakula cha kuku visilale nje. Takataka zifukiwe. Panya mwenye shibe hauendei mtego.

2. Ondoeni maficho. Fyekeni majani kuzunguka nyumba, jiko na banda la kuku. Kuni na matofali yasiegemee ukuta.

3. Zibeni matundu. Panya mdogo hupita katika tundu linaloingia kalamu tu, na panya mkubwa akiwa kijana hupita katika tundu la kidole gumba. Udongo mtupu wanauchimba tena usiku ule ule. Shindilieni kwanza mawe, vigae au kipande cha bati, ndipo mpake udongo.

4. Inueni akiba. Gunia lisikae chini wala kugusa ukuta. Pipa la chuma lenye mfuniko ni bora kuliko vyote. Anayejenga ghala, nguzo zake zifike urefu wa mita moja, na kila nguzo ivishwe bati la mviringo kama faneli iliyopinduliwa, ili panya apandaye akwame. Ghala lisiwe karibu na mti wala ukuta ambao panya ataweza kuurukia.

5. Tegeni mitego. Panya hupenda kupita kandokando ya ukuta, basi mtego uwekwe hapo, chambo kikielekea ukutani. Panya mkubwa huogopa kitu kipya, kwa hiyo uacheni mtego siku mbili tatu una chambo bila kuutega. Paka pia ni msaada mzuri, lakini paka na sumu havikai kiwanja kimoja, maana anayekula panya mwenye sumu naye huweza kufa.

6. Mkilazimika kutumia sumu, msinunue isiyo na maandishi. Unga wa kijivu wenye harufu kama ya kitunguu saumu hutoa hewa ya sumu tumboni, na hauna dawa ya kuupinga. Zile za punje au vipande vya rangi, zinazozuia damu kugandamana, huua panya baada ya siku kadhaa, na mtu aliyezila huweza kusaidiwa hospitalini kwa vitamini K akiwahishwa. Chambo kiwekwe ndani ya sanduku au kopo lenye tundu dogo, lililofungwa mahali pamoja, mbali na watoto na kuku. Asubuhi mhesabu kilichobaki. Dawa isiyotumika isiwekwe kamwe katika kikombe au chupa ya soda.

7. Waambieni majirani kabla, nyumba zote zinazowazunguka, za kabila lenu na zisizo za kabila lenu. Kama hamjui lugha yao, tafuteni mtoto wa shule awatafsirie.

8. Panya aliyekufa asishikwe kwa mkono mtupu. Mfungeni katika nailoni, mfukieni chini sana, mnawe kwa sabuni. Kabla ya kufagia mavi ya panya, nyunyizeni maji yenye klorini ili vumbi lisiingie puani. Mkiona panya wengi wamekufa na hakuna aliyeweka dawa, msiwaguse, mwiteni mhudumu wa afya. Mtu akipata homa kali na mitoki baada ya hapo, apelekwe kituoni siku hiyo hiyo.

9. Mtoto akila sumu, msimpe maziwa wala msimtapishe. Mpelekeni kituo cha afya mara moja pamoja na pakiti ya dawa. Na aliyeiweka asiogope kusema ni yake. Daktari anahitaji kujua ni sumu gani, na dakika za kunyamaza ni dakika za mtoto.

NENO LA MWISHO

Kijana wetu aliuliza kama kuua panya ni dhambi. Sasa tunamjibu hivi: hukumu haiko kwa panya. Iko katika mambo yaliyo kabla na baada. Je, ulimwambia jirani? Ulifunika shimo? Na ilipotokea bahati mbaya, ulisema siku ile ile, au ulimwacha mwingine aitwe mchawi?

Mjane na familia ng'ambo ya njia wanasalimiana. Hatuwezi kusema yote yamekwisha. Watoto bado huchota maji wakitazama nyuma, na yule aliyetaja uchawi bado hajaomba radhi. Tunamwomba aombe. Sisi tumebakiza kuku wawili katika deni letu, na mahindi yakiuzwa tutamaliza, Mungu akipenda.

Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, tutaanza kuziba matundu katika nyumba za wazee, wajane na wagonjwa, ndipo tuendelee na nyumba nyingine. Baba yule wa ng'ambo ya njia ni fundi wa udongo, naye amekubali kutuonyesha namna wanavyochanganya udongo kwao ili usipasuke. Tutachimbia nyuma ya kanisa. Kila nyumba ilete jembe au ndoo, na wenye vipande vya bati wasivitupe.

Bwana awalinde, alinde na akiba zenu, na azilinde ndimi zetu zisinyamaze panapopaswa kusema. Amina.

Mchungaji wenu